Nani aliuzima mng'ao? Jibu kwa fundi aliyeandika "dull black table"

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa samani hapa Tanga, natengeneza meza na makabati ya mninga na mtiki. Siku hizi wateja wangu wengi ni wageni, kwa hiyo picha za kazi zangu naziwekea maelezo ya Kiingereza. Mwezi uliopita niliweka meza ya sebuleni niliyoipiga rangi nyeusi isiyong'aa, nikaandika "dull black table". Mzungu mmoja akacheka, akaniambia hivyo sivyo watu wanavyouza. Nimefungua kamusi nikakuta dull, matt, lacklustre, drab, dingy, faded na tarnished, yote ni yaleyale: isiyong'aa, iliyofifia. Tofauti yake ni nini, na mimi niandike lipi? Na samani inayochakazwa makusudi, kama wanavyopenda wao, inaitwaje? Halafu lile wingu jeupe linaloingia kwenye laka wakati wa masika, mteja akiuliza nimwambieje?

Jibu: Marahaba, fundi. Mteja wako alikucheka, ila hakukuonea. Sentensi yako haina kosa la sarufi hata moja, imekosea soko. "Dull black table" kwenye sikio la Mwingereza ni sawa na wewe kukuta tangazo limeandikwa "Tunauza meza nyeusi iliyofubaa". Meza inaweza kuwa nzuri, mninga mtupu, lakini neno limeshafukuza watu mlangoni.

Lawama naipeleka kwa kamusi. Nyingi tunazotumia zinayapa maneno hayo saba tafsiri moja, "isiyong'aa", na tafsiri hiyo si uongo. Si uongo vilevile kusema kwamba ng'ombe, mbuzi na swala wote wana kwato. Lakini ukitumwa mnadani ukaambiwa ulete "mwenye kwato", utarudi na nini?

Mimi kazi yangu ni kufasiri, na mengi yanayopita mezani kwangu si mashairi. Ni maelezo ya makopo ya rangi, karatasi za bima, maagizo ya kufulia nguo. Huko ndiko nilikojifunza kwamba mbele ya maneno haya hakuna faida kuuliza kama kitu kinang'aa au haking'ai. Uliza nani aliuzima mng'ao. Ni fundi mwenyewe, kwa kupenda? Ni hewa na miaka? Ni moshi na jasho la mikono? Au mng'ao haukuwahi kuwepo? Mwingereza analijibu swali hilo ndani ya kivumishi, kabla hata hajataja kitu chenyewe. Sisi tunalijibu kwenye kitenzi. Kanga imechuja, ngozi imepauka, taa imefifia, bati limeshika kutu, ukuta umefubaa: kila kitenzi kimebeba mkasa wake. Tukiandika "isiyong'aa" tunautupa mkasa wote na kubaki na ukanushi, ndiyo maana maneno saba yakakuonekania kama ndugu wa tumbo moja.

Kwa meza yako neno ni "matt". Hapa mng'ao umezimwa na fundi, kwa makusudi, na amelipwa kwa kazi hiyo. "Matt black" siku hizi ni lugha ya simu za bei mbaya, magari ya kifahari, mabomba ya bafuni na vipodozi. Waingereza huliandika "matt", Wamarekani "matte", na wote hutamka "mat", bila irabu mwishoni. Chagua tahajia moja uishike hiyohiyo. Na ukimpa kijana akuandikie tangazo, mwangalie asiandike anavyosikia au anavyobuni. Niliwahi kuona duka la urembo limebandika "lipstiki ya mate", nikavuka barabara.

Kiingereza kililichukua neno hilo kwa Wafaransa. Kabla ya hapo wataalamu wanagombana. Wapo wanaolipeleka kwenye neno la Kilatini la mtu aliyelewa, na wapo wanaolipeleka kwenye sataranji, pale mfalme anapobanwa na mchezaji akatamka "shah mat". Kama hao wa pili wamepatia, basi "matt" ni jamaa wa mbali wa maiti na mauti yetu, kwa sababu watu wengi tangu zamani wameisikia "mat" ya sataranji kama Kiarabu cha kufa. Ugomvi huo sitaumaliza mimi. Ila picha yenyewe inakaa: rangi ya mat ni rangi iliyofishwa mng'ao.

Na kuufisha kuna ufundi ambao mikono yako inaujua kuliko kichwa changu. Ubao ukipigwa msasa mpaka ule laini kabisa, ukapigwa laka tabaka baada ya tabaka, uso wake unakuwa tambarare kiasi kwamba mwanga wa dirisha ukiugonga unaruka wote upande mmoja, kama mpira kwenye sakafu ya saruji. Ndiyo maana unaliona dirisha lenyewe ndani ya meza. Kwenye laka ya mat kiwanda kimetia unga laini wa silika, yale madini yaliyomo kwenye mchanga. Laka inapokauka, chembe zile zinauacha uso na vijilima ambavyo jicho halivioni, na mwanga unatawanyika ovyo, kama mpira uleule ukitupwa kwenye kokoto. Mwaka 1760 mwanahisabati Johann Heinrich Lambert aliueleza kwa hesabu uso wa mat uliokamilika: simama kulia, simama kushoto, uinamie, utauona una mwanga uleule. Kama unataka kuyaona haya kwa macho, chukua ubao mkavu wa mtiki usiopakwa kitu, upitishie kitambaa chenye maji. Papo hapo rangi inakolea, kwa sababu maji yamejaza vile vibonde na kuusawazisha uso. Yakikauka, ubao unarudi kuwa hafifu kama mwanzo. Mti wenyewe haukubadilika rangi hata chembe.

Viwandani hawaamini macho. Wana kipima mng'ao, kijimashine kinachoumulika uso kwa pembe ya nyuzi 60 na kusoma mwanga unaoruka. Kioo cheusi kilichosuguliwa ndicho kilichopewa alama 100. Kwa mizani ya Master Painters Institute ya Kanada, mat haivuki 5, "eggshell" iko kati ya 10 na 25, "satin" kati ya 20 na 35, "semi-gloss" kati ya 35 na 70, na "gloss" inaanzia 70. Mmarekani akikwambia anataka "flat", usimpelekee kitu kilichonyooka. Kwenye rangi, "flat" yake ni mat.

Hiyo "eggshell" ina kisa nami. Miaka ya nyuma kampuni moja ya rangi ilinipa kipeperushi nikifasiri, nami nikaandika "rangi ya ganda la yai". Nilijisifu nyumba nzima kwa tafsiri hiyo. Kipeperushi kikachapwa, wateja wakaja madukani wakitaka ile rangi ya yai la kienyeji, hudhurungi kwa mbali, wakafunguliwa makopo ya kijani na ya pinki. Nilipigiwa simu ambayo sitaki kuikumbuka. Eggshell si rangi, ni kiwango cha mng'ao. Shika yai karibu na dirisha uligeuze taratibu: halimeti, lakini pale linapopinda kuna weupe mwororo unaosogea kadiri unavyoligeuza. Hicho ndicho wanachokitaja.

"Satin" iko hatua moja mbele ya hapo, nayo ni kitambaa, atlasi yetu. Inaaminika jina la Kiingereza limetoka kwa Zaytun, ndivyo Waarabu walivyouita mji wa bandari wa Quanzhou huko China ilikotoka hariri. Ukipiga vanishi ambayo si mat wala haiakisi dirisha, andika satin. Wateja wa nje wanaipenda kwa meza za kulia chakula, maana inafutika vizuri kuliko mat na haitangazi kila alama ya kidole kama gloss.

Sasa mkosaji wako, "dull". Neno hili halikuanzia kwenye rangi, lilianzia kichwani. Katika Kiingereza cha kale "dol" alikuwa mpumbavu, mzito wa kuelewa. Baadaye ndipo likashuka kwenye visu, rangi, anga, sauti na maumivu. Lina ndugu wa Kijerumani, "toll", ambaye aliwahi kuwa mwenda wazimu na leo amepanda cheo. Kijana wa Berlin akisema "toll" anamaanisha safi sana. Maneno nayo yana bahati zake.

Kwa asili hiyo usitegemee tafsiri moja. "Dull knife" ni kisu butu. "Dull sky", mawingu yametanda. "Dull pain" ni maumivu ya chinichini yasiyochoma, na "dull thud" ni kishindo kizito kisicho na mlio, kama gunia la mchele linapotua sakafuni. "Dull speech" ni hotuba inayolaza watu. Kinachoyashika yote pamoja ni kukosa makali, na hapo Kiswahili kimekaribia mno kwa kitenzi tunachokisikia hospitalini: dawa za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI. Rangi hufubaa, makali hufubazwa. Sijui lugha nyingine iliyo jirani yetu yenye neno linalokaa juu ya "to dull" barabara namna hiyo. Kwa hiyo meza ikiwa dull, msomaji anaelewa kwamba ilikuwa na uhai, ukapotea. Au mwenyewe uliyeitengeneza hukuwa nao.

Mahali pamoja tu "dull" haimtukani mtu, kwa wataalamu wa madini. Wao hupanga mawe kwa namna yanavyorudisha mwanga: kama metali, kama kioo, kama lulu, kama hariri, kama nta. Tanzanaiti ya Mererani, iliyogunduliwa mwaka 1967, ina mng'ao wa kioo. Kaolini, ule udongo mweupe kama wa Pugu, inaandikwa "dull" au "earthy", na mambo yameishia hapo. Ni kipimo. Ila wewe huuzi kaolini.

"Lacklustre" nakusihi usiliguse kabisa. Ukilifumua unapata "lack", kukosa, na "lustre", mng'ao, ukadhani ndilo hasa ulilokuwa unalitafuta. Linaonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza kwenye As You Like It, tamthilia ya Shakespeare ya karibu mwaka 1599, na tangu siku hiyo lilikuwa neno la macho: mchekeshaji yuko msituni, anatoa saa mfukoni, anaitazama kwa jicho "lack-lustre", kisha anatamka kwa hekima kubwa kwamba ni saa nne. Jicho limekufa, halina hamu na dunia. Leo limehamia viwanjani. "A lacklustre performance" ni timu iliyocheza kama imelazimishwa; watangazaji wetu wangesema mchezo umepooza, au umedorora. Uchumi uliodorora nao una "lacklustre growth". Nywele zinaweza kuwa lacklustre, hasa kwenye tangazo la shampuu linalotaka uzione zako hivyo. Meza haiwezi, kwa kuwa meza haijawahi kuwa na hamu ya kitu.

"Tarnished" nitakaa nalo kidogo, maana lina harufu ya uani kwetu. Bibi yangu alikuwa na sinia la shaba ya njano, pana la kutosha watu sita kula pilau. Mwaka mzima lilikaa limeegeshwa nyuma ya kabati, na siku mbili kabla ya Idi lilitolewa nje. Lilikuwa limegeuka rangi ya kahawa, na pale watu walipolishika mara ya mwisho zilibaki alama za vidole, nyeusi kuliko kwingine, unaweza kuhesabu mikono iliyolibeba. Bibi alikata ndimu, akachovya kipande kwenye majivu, akaanza kusugua kutoka ukingoni. Kazi yangu ilikuwa kumwaga maji. Ninachokumbuka sana ni pale katikati ya kazi: nusu ya sinia inawaka kama jua la saa moja asubuhi, nusu nyingine bado usiku, na mpaka kati yao unasogea kila mkono wake unapopita.

Ile nusu ya usiku ndiyo tarnished. Ni neno la metali. Hewa imeishambulia juujuu na kuacha utando mwembamba. Kwa fedha mkosaji mkubwa ni salfa, ndiyo maana kijiko cha fedha kikitumika kulia yai kinaingia weusi upesi, kwani yai nalo lina salfa yake. Ndimu inauyeyusha utando wa shaba, majivu yanaukwangua. Kiingereza kilipata neno hilo kwa Kifaransa "ternir", kutia giza, na ndani yake kuna ahadi: chini ya utando, mng'ao bado upo. Kwa sababu hiyo hulisikia pia kwenye heshima za watu. "A tarnished reputation" ni jina lililoingia doa, lakini lililowahi kuwa safi. Mbao na kuta haziwi tarnished. Vitasa vyako vya shaba, ndiyo.

Shaba hiyohiyo ikizeeka mikononi mwa mtu anayeipenda, inabadilishiwa jina, inaitwa "patina". Sanamu ya Uhuru ya New York ilipozinduliwa Oktoba 1886 ilikuwa ya hudhurungi, kama sarafu mpya ya shaba nyekundu. Hewa ya bahari ikaigeuza kidogokidogo kuwa kijani, na mwaka 1906 Bunge la Marekani likaidhinisha pesa za kuipaka rangi. Watu wakaja juu. Wahandisi wa jeshi walioichunguza wakaona utando ule wa kijani unaikinga shaba iliyo chini yake, ambayo unene wake ni kama milimita 2.4 tu, na sanamu ikaachwa ilivyo. Kwa mkemia, kilichotokea New York na kilichotokea nyuma ya kabati la bibi ni shauri moja: shaba na hewa. Tofauti imo moyoni mwa mwenye kitu. Siku ukipata kasha la zamani lenye njumu za shaba, ukiandika "tarnished brass" mteja ataomba umpunguzie bei. Ukiandika "brass with its original patina" atakuomba usije ukalisugua. Bibi angewashangaa wote wawili.

"Faded" ni kazi ya jua na sabuni. Rangi ilikuwepo, ikaondoka: kanga iliyochuja, picha ya harusi iliyoning'inia miaka mkabala na dirisha. Lina huzuni kidogo, halina dharau, na kwenye jinzi limekuwa sifa kabisa. Angalia tu lisikutege kwenye kupauka. Ukuta uliopauka ni faded, sawa. Lakini mama akimwambia mtoto "umepauka, kapake mafuta", hazungumzii rangi iliyotoka. Hapo neno ni "ashy", la Wamarekani Weusi, kutoka kwenye majivu, kwa ngozi iliyokauka ikaonyesha weupe magotini na viwikoni. Mwingereza mweupe wa kijijini anaweza asilielewe. Mtoto wa Chicago na mtoto wa Chumbageni wanaelewana bila mkalimani.

Mtiki wako ukikaa barazani ukapigwa na jua na mvua hadi ukageuka kijivu cha fedha, usiuite faded. Uite "weathered". Hapo mwenye kuuzima mng'ao ni hali ya hewa, na wanunuzi wa nje wanamheshimu fundi huyo kuliko mimi na wewe.

Mawili yaliyobaki nayapitia upesi, kwa sababu yote ni ya kulaumia. "Drab" lilikuwa kitambaa, Kifaransa "drap", kisha likawa rangi ya sufu isiyotiwa rangi, ule ukahawia usiojiamua, na kutoka hapo likawa kila kitu kisicho na mvuto: ofisi, sketi, maisha. Hapa mng'ao haukuzimwa na mtu, haukuwahi kualikwa. Kwetu kitambaa kisichotiwa rangi kilipata jina la heshima zaidi, marekani, kwa kuwa kililetwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, karne ya 19. Na kaki, ambayo nayo ingeweza kuitwa drab, ilisalimika kwa kuvaa jina la Kiajemi na Kiurdu la vumbi. Sare ikiitwa vumbi inapata ushujaa, ikiitwa drab inapata miayo.

"Dingy" ni uchafu uliozoeleka: pazia jeupe lililokula moshi wa mkaa, chumba chenye dirisha moja na ukuta ulioshikwashikwa, kola ya shati. Litamke "dinji". Ukilitamka "dingi" umetaja mashua ndogo, ambayo Waingereza huiandika "dinghy", na vijana wa mtaani watadhani unamsema baba yako.

Sasa swali lako la samani zinazochakazwa makusudi. Jina lake litakushangaza: "distressed". Kwa binadamu, distressed ni mtu aliyeshikwa na dhiki, aliyechanganyikiwa kwa majonzi. Kwa kabati ni kabati jipya lililopigwa rangi, likasuguliwa msasa kwenye kona na pembezoni mpaka mbao ikachungulia, pengine likagongwagongwa na mnyororo, ili lionekane limerithiwa. Ni neno la biashara lisilo na ubaya wowote, na bei yake huwa juu. Sharti lake ni moja: kuchakaa kuwe kumefanywa na mkono. Kabati lililochakaa lenyewe ni "worn", na ukiliita distressed unamdanganya mteja. Mimi binafsi bado nashindwa kuzoea kumlipa fundi aharibu kona alizozinyoosha, lakini pesa ni yao.

Na kama hukupaka kitu chochote, yaani umepiga msasa ukaacha, andika "unfinished" au "unvarnished". La pili lina heshima yake: "the unvarnished truth" ni ukweli mtupu, haukupakwa mafuta. Nahofia tu "unfinished" kwa mteja mgeni kwenye biashara, anaweza kudhani hujamaliza kazi. Ongeza "sanded", ajue umeshapiga msasa.

Kwa hiyo ile meza yako ningeiandika hivi: "Living-room table in solid mninga, matt black finish." Neno "finish" ndilo linalokulinda, kwa sababu linamwambia msomaji kwamba hali ya uso huu ni uamuzi wa fundi. Liweke baada ya matt, satin au distressed. Huwezi kuliweka baada ya dingy wala drab, na ukijaribu utasikia mwenyewe linavyokataa. Ukiwa na shaka na neno lolote la aina hii, lipime kwa "finish" kwanza. Mninga uache kama ulivyo, ila waambie kwamba ni mti mgumu wa nyumbani, maana wengi hawaujui.

Lile wingu jeupe linaitwa "blush". Mwambie mteja "the lacquer has blushed". Ni kitenzi cha mtu kuiva uso kwa haya, ingawa laka yenyewe haigeuki nyekundu, inageuka kama maziwa. Unaijua sababu bila kuijua: tina, kile kimiminika cha kuzimulia laka, inaruka haraka mno, inapoondoka inaupoza uso wa mbao kama spiriti inavyokupoza mkono kabla ya sindano, na hewa ya Tanga ya mwezi wa Aprili, iliyoshiba maji, inautoa ule unyevu papo hapo ndani ya laka ambayo haijakauka. Usikimbilie kuipiga tabaka jingine juu yake, utaufungia unyevu ndani. Iache ikauke kabisa, kisha puliza juu yake tina inayokauka polepole, kidogo tu, kama umande. Mara nyingi wingu linafunguka lenyewe. Na siku za masika usipulize alfajiri kwa kuwahi oda. Ngoja jua lipande na sakafu ya karakana ikauke, kama saa nne hivi, ndipo ushike bunduki ya rangi.